Askari Akikabwa Kooni Asinyamaze

Katika maisha ya kambini askari hukaguliwa viatu, hukaguliwa bunduki, hukaguliwa kitanda na hata kucha. Koo lake halikaguliwi na mtu. Hata hivyo koo ni chombo cha kazi kwa askari kama ilivyo silaha yake. Kwa koo mkufunzi hufundisha kwata. Kwa koo mlinzi wa zamu humsimamisha mgeni usiku wa manane. Kwa koo polisi hutuliza umati ambao haujaamua kama utatii au utarusha mawe. Ndiyo sababu leo tumeona yafaa tuzungumze na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya taabu moja ambayo wengi wanayo na wachache huisema: koo na shingo kukaza, siku baada ya siku, kana kwamba mtu amefungwa kola iliyo ndogo kuliko shingo yake.

Wenye taabu hiyo huieleza kwa namna nyingi. Mmoja husema ana donge kooni lisilopanda wala kushuka. Mwingine husema ni kama mkono wa mtu umemshika pasipo kumkaba. Wa tatu halalamiki koo, bali mishipa ya shingo, ambayo jioni huwa migumu kama kamba ya hema iliyolowa mvua. Lugha yetu yenyewe yaijua hali hii, kwani husemwa kwamba mtu amemeza uchungu, ama roho imempanda kooni. Wazee waliotuachia maneno hayo walijua kwamba mambo ya moyo na mambo ya koo ni majirani.

Hatusemi haya kwa kusoma vitabu tu. Kazi yetu ya uhusiano hutupeleka mahali ambapo wenzetu hawafiki mara nyingi. Askari akifariki kazini, sisi ndio tunaotangulia nyumbani kwa wazazi wake, na siku ya mazishi sisi ndio tunaosoma habari za maisha yake mbele ya watu. Mwaka mmoja tuliifanya kazi hiyo mara tatu katika muda wa miezi miwili. Marehemu wa tatu alikuwa kadeti mwenzetu chuoni, ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na chetu. Tuliyasoma maandishi yale mpaka mwisho bila sauti kukatika, na wakubwa wakatupongeza. Jioni ile ile koo likakaza, na halikulegea tena.

Kwa muda wa miezi minne tulificha. Tulinunua peremende za dawa, tukanywa chai ya moto na tangawizi, tukalegeza kifungo cha juu kila tulipokuwa peke yetu ofisini. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kuvumilia njaa, baridi na usingizi, nasi tukadhani kwamba hili nalo ni la kuvumiliwa. Aliyetuzindua ni koplo, dereva wetu. Siku moja njiani alisema, "Afande, uniwie radhi. Leo umejisafisha koo tangu tulipotoka kambini hadi hapa. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo."

Tukamwuliza mjomba wake alitibiwa wapi.

"Hakwenda kutibiwa, afande," akajibu, na macho yake hayakutoka barabarani.

Kesho yake tulipanga foleni ya wagonjwa pamoja na askari wengine.

MASWALI YA DAKTARI

Daktari hakuanza kwa kutuchoma sindano wala kutupa vidonge. Alianza kwa maswali, naye alieleza kwamba katika taabu hii maswali ni nusu ya matibabu, kwa kuwa sababu zake ni nyingi na kila moja ina alama zake.

Swali la kwanza lilikuwa hili: chakula chapita? Tulimjibu kwamba tukimeza mate donge lipo, lakini tukila posho na maharagwe donge halipo. Jibu hilo lilimpendeza. Donge ambalo hujulikana wakati wa kumeza mate matupu na kupotea wakati wa kula, aghalabu si uvimbe, bali ni misuli ya koo iliyokaza. Hatari ni kinyume chake: mtu ambaye kwanza nyama humkwama, baadaye posho, kisha uji, na mwishowe maji. Huyo asingoje hata wiki moja.

Swali la pili lilihusu saa za kula. Askari hula upesi kwa sababu zamu haingoji. Aliyetoka zamu hula usiku sana, kisha hujilaza papo hapo. Mwisho wa umio, pale unapoungana na tumbo, pana misuli ambayo hufunga kama mlango ili tindikali ya tumbo isipande. Tumbo likijaa na mtu akilala chali, mlango ule huvuja. Tindikali hupanda mpaka kooni, nalo koo likiunguzwa hukaza ili kujikinga. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu aweza kuunguzwa koo namna hiyo bila kuhisi kiungulia chochote kifuani. Huamka na sauti nzito, kinywa kichungu, na haja ya kujisafisha koo mara kwa mara.

Swali la tatu lilihusu sauti. Nyuzi za sauti za mwanamume hutetemeka mara 100 na zaidi katika kila sekunde anaposema, na za mwanamke mara 200 hivi. Mkufunzi anayepiga kelele uwanjani tangu asubuhi, tena kwa nguvu za shingo na si kwa pumzi ya tumbo, huzigonganisha nyuzi hizo mara maelfu kwa maelfu. Misuli iliyozunguka kikoromeo huzoea kukaza hata wakati wa kupumzika. Vumbi la uwanja, moshi wa tumbaku na mafua yatelemkayo nyuma ya pua huongeza uchungu.

Swali la nne lilihusu mzigo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito upatao kilo 5. Kofia ya kivita huongeza kilo moja na nusu hivi, na mikanda ya mkoba huvuta mabega chini. Mtu akisimama wima, mifupa ya shingo hubeba uzito huo kwa raha. Akiinamisha kichwa mbele kwa saa nyingi, kama afanyavyo dereva, karani, ama kijana mwenye kuitazama simu yake usiku kucha, kazi ya mifupa huangukia misuli. Misuli hiyo ikichoka hukaza, na ukazo huo huhisiwa mpaka kooni kwa mbele.

Swali la tano halikuwa swali, bali alitushika shingo na kutuambia tumeze mate. Alikuwa akilitafuta tezi la shingo, liitwalo thairoidi, ambalo likivimba huitwa rovu. Tezi hilo huhitaji madini joto kidogo sana, kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, lakini kidogo hicho kikikosekana hukua likitafuta kisichokuwapo. Nchi za milima hupatwa zaidi, kwa kuwa mvua za karne nyingi zimeosha madini hayo katika udongo. Majirani zetu wa Kongo walikuwa na mfano mashuhuri katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, ambako uchunguzi wa miaka ya 1960 na 1970 ulionyesha kwamba upungufu wa madini joto ndio ulioanzisha rovu, na sumu ya mihogo isiyoandaliwa vizuri ikazidisha. Kinga yake ni chumvi iliyotiwa madini joto na mihogo iliyolowekwa ipasavyo. Pamoja na tezi hilo daktari alitafuta matezi madogo ya pembeni mwa shingo, ambayo yakivimba kwa wiki tatu na zaidi huweza kuwa dalili ya kifua kikuu, ya virusi vya UKIMWI, au ya saratani.

Swali la sita lilihusu mlima: je, koo hukaza upandapo kilima na kulegea usimamapo? Tulishangaa, lakini lilikuwa na maana. Mwaka 1768 tabibu William Heberden aliwaeleza wenzake mjini London habari za watu ambao hushikwa na ukazo kifuani wanapotembea, hasa wapandapo kilima baada ya kula, na ambao hupona mara wasimamapo. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1772, na ugonjwa ukapewa jina la Kilatini lenye maana ya kukabwa. Ni ugonjwa wa mishipa ya moyo. Maumivu yake hupanda shingoni na kwenye taya, na wengine huyahisi huko tu. Ofisa wa makamo mwenye kitambi, mvutaji wa sigara, ambaye koo humkaza akimbiapo na wala halimkazi aketipo, atafute daktari wa moyo.

Swali la saba lilikuwa fupi: "Ni nani aliyefariki?" Hatukuwa tumemwambia.

SI WOGA WALA SI UCHAWI

Hapa hapana budi tuseme wazi, maana ndipo askari wengi hukwama. Mwili ukiona hatari hujitayarisha kupigana au kukimbia: moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli ya shingo na koo hukaza. Hatari ikipita, misuli hulegea. Lakini kwa mtu aliyeona mengi, au mwenye huzuni ambayo hakuipa nafasi, amri ya kulegea haifiki. Hubaki kama mlinzi ambaye hakuja mtu kumpokea zamu.

Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya walidai kwamba donge la kooni ni ugonjwa wa wanawake, wakisema kwamba mji wa uzazi hupanda mwilini na kumkaba mgonjwa. Mwaka 1707 tabibu Mwingereza John Purcell aliandika kwamba sababu ni misuli ya shingo inayobana kikoromeo. Ilipofika mwaka 1968, K. G. Malcomson alishauri lile jina la zamani lenye kuwasingizia wagonjwa wehu liachwe, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na tabia hiyo. Leo yajulikana kwamba wanaume na wanawake hupatwa karibu sawasawa. Tofauti ni kwamba wanawake huenda kwa daktari zaidi, nasi wanaume hukaa kimya.

Katika ukimya huo askari hutafuta njia za pembeni. Wako wanaoambiwa wamerogwa na mwenzao anayewaonea wivu wa cheo. Wako wanaopelekwa kwa fundi ili wakatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Desturi hiyo ingali ikifanyika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na madhara yake ni kuvuja damu, pepopunda, na kuambukizwa maradhi kwa wembe uliotumika. Wako pia wanaotafuta nafuu katika waragi. Pombe hulegeza koo kwa saa moja, kisha hulegeza na ule mlango wa tumbo, na asubuhi donge huwa kubwa kuliko jana.

JENERALI ALIYENGOJA

Kama yuko askari anayedhani kwamba kuficha ni ushujaa, na atazame maisha ya Jenerali Ulysses S. Grant wa Marekani. Huyu aliongoza majeshi ya serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, kisha akawa Rais tangu 1869 hadi 1877. Hakuna aliyeweza kumwita mwoga. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene za majani, hasa baada ya ushindi wake wa Fort Donelson mwaka 1862, wananchi walipompelekea sigara kwa maelfu.

Mwezi wa Mei 1884 kampuni ya fedha aliyokuwa mshirika wake ilianguka, naye akafilisika. Mwezi uliofuata, alipokuwa akila tunda, alisikia maumivu makali kooni. Ni rahisi kuwaza kwamba mtu aliyepoteza mali yake yote angekabwa na huzuni. Daktari mmoja aliyekuwa mgeni wa jirani yake alimtazama koo, akamwandikia dawa na kumsihi amwone daktari wake upesi. Daktari huyo aliitwa Jacob Mendes Da Costa. Ndiye yule yule ambaye mwaka 1871 alikuwa ameandika habari za mamia ya askari wa vita vile, waliopigwa na mapigo ya moyo na maumivu ya kifua ilhali mioyo yao haikuwa na kasoro ya kuonekana, naye akathibitisha kwamba hawakuwa wakijisingizia. Basi mtu aliyejua vyema mateso yanayotokana na vita ndiye aliyemwambia jenerali kwamba lake lahitaji kuchunguzwa.

Daktari wa Grant alikuwa safarini Ulaya. Jenerali akangoja. Julai ikapita, Agosti ikapita, Septemba ikapita. Alipochunguzwa mwezi wa Oktoba ilionekana kwamba ni saratani. Alitumia muda uliobaki kuandika kitabu cha maisha yake ili familia isibaki maskini, akakimaliza siku chache tu kabla ya kufariki tarehe 23 Julai 1885, akiwa na umri wa miaka 63.

Mwaka 1884 tiba ya saratani ilikuwa haba. Leo sivyo. Saratani ya kikoromeo ikigunduliwa mapema, wengi hupona, na hapa kwetu Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago imekuwapo tangu mwaka 1967. Lakini taasisi haiwezi kumtibu mtu aliyejificha kambini. Ijulikane pia kwamba tumbaku na pombe zikitumiwa pamoja huzidisha hatari kuliko kila moja peke yake, na kwamba mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio. Chai ya zamu ipoe kidogo.

YA KUFANYA

Kwanza, dalili za kukimbiliwa hospitali papo hapo, mchana au usiku: kupumua kwa shida au kwa mlio, mate kumwagika kwa kushindwa kumezwa, midomo na ulimi kuvimba baada ya kuumwa na nyuki au kumeza dawa, homa kali pamoja na shingo iliyokakamaa, taya kushindwa kufunguka baada ya jeraha, ukazo wa kifua na shingo wenye jasho la baridi. Aliyekwamwa na mwiba wa samaki asiusukume kwa donge la posho, aende ukatolewe.

Pili, dalili za kumwona daktari katika wiki hiyo hiyo: chakula kukwama, sauti kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, kupungua uzito, damu mateni, uvimbe shingoni, maumivu ya upande mmoja yanayofika sikioni, au jasho la usiku na kikohozi cha wiki mbili.

Tatu, aliyekwisha chunguzwa na kukutwa hana dalili hizo anaweza kujisaidia mwenyewe. Ale saa tatu kabla ya kulala. Ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Apunguze pombe na aache sigara. Kila atamanipo kujisafisha koo, anywe funda la maji badala yake, kwa kuwa kujisafisha huliumiza koo na kuomba kujisafisha tena. Mkufunzi atoe amri kwa pumzi ya tumbo na kugawana kelele na wasaidizi wake. Dereva ageuze shingo polepole kulia na kushoto kila asimamapo. Kabla ya kulala mtu avute pumzi kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa kwa kuhesabu hadi sita, mara kumi.

Nne, na hili twawaambia makamanda wenzetu: anayemcheka askari aliyesema koo lamkaza, amewafunga midomo askari thelathini waliosikia kicheko hicho. Mmoja kati yao huenda ana ugonjwa usiongoja.

Katika habari zetu sisi, daktari aliona koo limewekundika kwa tindikali, na hapakuwa na uvimbe. Alitupa dawa ya wiki nane na kutuamuru tusile usiku wa manane. Kisha akasema dawa hiyo ni ya nusu ya donge. Nusu ya pili twende tukaiseme kwa mtu. Tulikwenda kwa mama wa yule kadeti mwenzetu, safari hii bila karatasi. Tuliketi naye tangu asubuhi hadi alasiri, tukamweleza mambo ya chuoni ambayo hayakuwamo katika yale maandishi tuliyosoma mbele ya watu. Pale sauti ilikatika, na hapakuwa na mkubwa wa kutupongeza wala wa kutulaumu. Donge halikutoka siku ile. Lilipungua wiki kwa wiki, na siku moja njiani koplo alituambia kwamba ameendesha maili arobaini bila kutusikia tukijisafisha koo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ndugu askari, ndugu polisi, kesho asubuhi foleni ya wagonjwa ikipangwa, ukiwa na koo linalokaza, nawe simama humo.